Kadi ya Namba Kumi na Saba

Muhula ule wa pili ulitukimbiza kama kuku. Mimi ni matroni wa mabweni mawili ya wasichana, vitanda mia mbili na arobaini, na tangu shule ifunguliwe mpaka siku ya wazazi sikumbuki kama niliwahi kunywa chai ikiwa bado ya moto. Wiki ya kwanza pampu ya maji ilikufa, wasichana wakawa wanapanga ndoo kutoka bombani hadi mlango wa bweni, na kila asubuhi kulikuwa na kesi: ndoo ya nani imesukumwa, ya nani imerukwa. Wiki ya tatu kikaingia kikohozi, kikatembea kitanda kwa kitanda kama mtu anayeita mahudhurio. Kwaya ilikuwa na mashindano, timu ya mpira wa pete ilikuwa na mashindano, hata bustani ya maua ilikuwa na mashindano. Na juu ya yote hayo, wajumbe wa bodi ya shule wakatuma habari kwamba safari hii watakuja siku ya wazazi yenyewe, wawaone watoto wakila na wazazi wao, nao wataleta mpiga picha.

Sisemi kwamba nililalamika. Mimi napenda nyumba iliyojaa. Nililelewa chumba kimoja watu tisa, na elimu yangu kubwa niliipata kwenye foleni ya maji na vibarazani kwa watu. Nikikaa mahali pakimya najihisi mgonjwa. Jikoni kwetu pale shuleni ndipo habari zote zilipokuwa zinafikia kabla ya kwenda ofisini, na jikoni mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji, ingawa mwenye mwiko alikuwa Mpishi.

Jikoni ndipo nilipopata pia habari ya kaka wa bandia. Kijana mmoja alipita getini akisema ni kaka wa msichana wa kidato cha nne. Kaka gani. Alikutwa nyuma ya ukumbi wa kulia amemshika dada yake mkono kwa namna ambayo hakuna kaka anayemshika dada. Tulicheka siku mbili. Siku ya tatu hatukucheka, maana bawabu wa zamani, mzee aliyekuwa anamjua kila mzazi kwa sura na kwa kikohozi chake, alifungashwa virago. Akaletwa mpya, askari mstaafu, mgongo umenyooka kama ubao wa kupigia pasi. Wasichana walimpa jina siku hiyo hiyo: Komeo. Mwalimu mkuu wetu, mama mmoja mfupi tuliyemwita Mkuu tu, alimwambia mbele yetu sote kwamba kadi ni moja na mgeni ni mmoja. Akipita mtu wa pili kwa mtoto yule yule, na yeye Komeo apite, arudi kwao.

Nieleze hizo kadi. Pale getini kulikuwa na kabati la mbao lenye vijumba vidogo vidogo, kila mwanafunzi na chake, kidato na namba. Ndani ya kila kijumba kulikuwa na kadi ya njano yenye kamba. Siku ya wazazi mgeni anafika, anataja mtoto wake, bawabu anachomoa kadi, mgeni anaivaa shingoni, anaandika kwenye daftari jina, uhusiano na saa, anaingia. Kijumba kikiwa kitupu, maana yake mtoto huyo mgeni wake yumo ndani.

Sasa kuna watoto ambao vijumba vyao havikuwa vitupu kamwe. Mzazi yuko mbali, au amefariki, au yupo tu lakini hana habari. Nilipoajiriwa niliwakuta siku ya wazazi wamefungiwa darasani na kitabu cha hadithi ili wasione wenzao wakikumbatiwa. Moyo uliniuma. Ndipo nikaanzisha utaratibu wangu: saa saba mchana ikigonga, naenda getini, nachomoa kadi zote zilizobaki, nawagawia wafanyakazi. Mpishi anavaa moja, nesi moja, fundi wa sare moja, seremala moja. Kila mmoja anakaa na mtoto wake wa siku hiyo, wanakula, wanapiga soga, wanapimana urefu. Kwenye daftari tulikuwa tunaandika "mfanyakazi," lakini Mkuu hakulipenda neno hilo, alisema bodi wanalisoma daftari, basi tukawa tunaandika mama, baba, mjomba, chochote. Nilisifiwa kwa jambo hilo hata kwenye mkutano wa wakuu wa shule. Sitakataa kwamba sifa zilinikaa vizuri.

Kati ya watoto hao alikuwepo mmoja wa kidato cha pili, namba kumi na saba, ambaye wenzake walimwita Saa Sita. Alikuwa mwembamba, mwenye masikio makubwa, anakunja shuka vizuri kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumlea. Wazazi wake waliachana akiwa mdogo. Baba alikuwa safarini daima, shangazi ndiye aliyemlea na kumleta shuleni, na shangazi huyo siku ya wazazi alikuwa na udhuru kila mara. Mama alikuwa anafanya kazi za ndani huko miji ya mbali, akihama nyumba hii hadi ile. Kila muhula mtoto alisema mama anakuja, kwamba basi lake linafika saa sita. Kila muhula saa sita ilifika peke yake. Ndipo lilipotoka jina lile.

Muhula ule alinijia stoo ya mashuka, siku tatu kabla. Akaniambia kwamba mama amempigia shangazi simu, safari hii ni kweli. Nikamwambia vizuri, mwanangu. Hakuondoka. Akasimama pale anakunja shuka ambalo nilikwisha kulikunja.

"Matroni, kadi yangu usiichomoe kabla ya saa sita kupita."

Nikamwambia mimi nachomoa saa saba, siku zote, wasiwasi wa nini. Akasema niahidi. Nikaahidi, mikono imejaa foronya, mdomoni nina pini mbili.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe Mkuu akatuita. Bodi watapita ukumbini saa tano kamili, si mchana, kwa sababu wana safari nyingine. Akaniangalia mimi. Asione mtoto hata mmoja amekaa mwenyewe saa tano. Meza zote zijae. Nikahesabu kichwani watoto wangu wasio na wageni: thelathini na mmoja. Saa saba isingenifaa kitu.

Basi alfajiri na mapema nikaenda getini. Komeo alikuwa hajaingia zamu, alikuwepo mlinzi wa usiku anapiga miayo, anataka kwenda zake. Nikamwambia nachukua kadi za watoto wangu, akasema chukua, dada, hata kabati ukitaka beba. Nikachomoa moja moja kwa kufuata karatasi yangu. Kisha nikalifungua daftari, nikaandika mistari thelathini kwa mkono wangu, mama, shangazi, mama, babu, saa kumi na mbili na nusu, saa kumi na mbili na dakika arobaini, kana kwamba ni wazazi wa mbali waliofika mapema. Nilibadilisha hata kalamu.

Ya namba kumi na saba niliiacha mwisho. Niliitazama mle kijumbani. Nilikumbuka ahadi, nisiseme sikukumbuka. Lakini nilikumbuka pia muhula uliopita, mtoto amekaa uso umeelekea getini mpaka chakula kikaganda sahanini, na muhula kabla ya huo vile vile. Nikamwona akikaa hivyo hivyo saa tano mbele ya bodi na kamera. Nikajiambia mama huyo hajaja mihula minne, hatakuja wa tano. Nikajiambia akija, Komeo ataniita. Nikaichomoa. Nikaandika: mama, saa kumi na mbili na dakika hamsini.

Nilikuwa nimepanga kumsubiri Komeo nimweleze kwamba wageni thelathini na mmoja wa mwanzo ni watu wetu, na kwamba mtu yeyote akija kwa watoto hao aniite mara moja. Maneno mawili tu. Lakini kabla hajafika likaja bweni zima kunitafuta: mtoto wa kidato cha kwanza ametapika juu ya majoho ya kwaya. Nikaondoka mbio.

Kadi ya namba kumi na saba nilimpa Fundi, mwanamke mnene mwenye roho safi, anayekuja shuleni mara mbili kwa wiki kushona sare na anayepita mlango wa nyuma karibu na chumba chake cha cherehani. Nilimpa kwa makusudi, kwa sababu hakuna mtoto anayeweza kununa mbele ya Fundi. Alivaa gauni lake la kijani, kadi shingoni, akapaka na mafuta midomoni. Akaniambia leo anakuwa mama bila kubeba mimba wala kupoteza kiuno. Nikamwambia kiuno kipi, shoga.

Saa nne na nusu Saa Sita akaingia ukumbini, akamwona Fundi na ile kadi. Hakupiga kelele. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata, akaja.

"Uliniahidi."

Nikamwambia mwanangu, kadi ni karatasi tu, mama akija namwingiza mwenyewe, sasa hivi naenda kumwambia bawabu. Wanafunzi wenyewe walikuwa hawaruhusiwi kuvuka mawe meupe yanayozunguka uwanja wa mbele, getini asingeweza kwenda. Akasema ndiyo, Matroni. Akarudi mezani, akakaa uso umeelekea getini, kama kawaida yake. Nikaona atavunja shingo bure na picha itaharibika. Nikakigeuza kiti chake. Nikamkalisha mgongo dirishani, uso kwa Fundi, nikamwambia hivyo ndivyo watu wanavyokula na mgeni.

Halafu nikatoka kweli kwenda getini. Naapa nilitoka. Nilifika nusu ya uwanja, nesi akaniita kwamba watoto wawili wa kikohozi wamezidiwa na chumba cha wagonjwa hakina maji. Nikarudi kutafuta ndoo. Nilipomaliza ndoo, bodi walikuwa wamefika, Mkuu ananiita kwa kidole. Nikawatembeza. Meza zilikuwa zimejaa kama harusi. Mjumbe mmoja, mzee mwenye kofia, alisimama kwenye meza ya Fundi akasema tazama jinsi mtoto anavyofanana na mama yake. Fundi akacheka mpaka kadi ikaruka shingoni. Mtoto naye akatabasamu, aliambiwa atabasamu, na mpiga picha akapiga.

Tangu hapo, mchana kutwa, nilikuwa natumwa huku na huku. Saa sita iligonga nikiwa nimepiga magoti chini ya sinki.

Saa kumi geti likafungwa kwa wanaoingia, wazazi wakaanza kuaga, na sisi tukakusanyika jikoni. Huo ndio ulikuwa wakati wangu niupendao kuliko yote. Masufuria yanasuguliwa, Mpishi amevua viatu, Fundi amefungua zipu ya gauni kidogo apate pumzi, seremala anakula ukoko, kila mtu ana la kusimulia kuhusu wazazi. Nani kaja na gari la kuazima, nani kaja na mke mdogo, nani kamkumbatia mtoto siye. Komeo naye akaingia kuchukua chai yake. Alikuwa hajawahi kukaa nasi. Nikamvutia kiti, nikamwambia na yeye atoe zawadi yake, hapa hakuna anayekunywa chai ya bure.

Akafikiri, akasema kuna mwanamke mmoja alitaka kumchezea mchezo. Amefika mchana, kajaa vumbi mpaka nyusi, anadai ni mama wa binti mmoja wa kidato cha pili. Komeo akatazama kabati: kijumba kitupu. Akatazama daftari: mama amefika tangu asubuhi. Akamwambia mama wa mtoto huyo yuko ndani, anakula naye. Mwanamke akasema mama yake ni mimi. Komeo akamwambia kaka bandia alikwisha pita hapa, mama bandia hapiti.

Jikoni kulilipuka. Mpishi alishika mbavu. Seremala akasema siku hizi hata akina mama wana nakala. Mimi nilikuwa nacheka kuliko wote, machozi yananitoka, na sikuuliza mtoto ni namba ngapi. Nimejaribu sana baadaye kujua kwa nini sikuuliza. Namba zote mia mbili na arobaini nazijua kama vidole vyangu. Jibu ni kwamba hadithi ilikuwa tamu na nilitaka iendelee.

Nikamuuliza ikawaje. Komeo akasema mwanamke hakubisha zaidi. Aliomba aonyeshwe tu huyo mama aliye ndani. Komeo, kwa kuwa si mtu mbaya, akamwonyesha kwa mbali, kupitia nondo za geti: dirisha lile, aliyevaa kijani. Kicheko kilitufunika, hata Fundi hakuliangalia gauni lake. Mwanamke akasimama akatazama kwa muda mrefu. Akataka kuacha mfuko, Komeo akakataa, mizigo isiyo na kadi hairuhusiwi. Basi akasema wasalimie, akaondoka zake. Tena ni kilema, akasema Komeo, mguu mmoja mfupi, kiatu kina soli nene kama tofali.

Nikamwambia atuonyeshe alivyotembea. Akasema hawezi. Tukamshinikiza, mwishowe akasimama mbele yangu, akapiga hatua tatu za kijeshi zenye kuchechemea, mkono mmoja unashika paja kila baada ya hatua ya pili. Alikuwa mbovu kabisa wa kuigiza. Mimi ndiye bingwa, kila mtu pale anajua, hakuna mwalimu wala mzazi ambaye sijawahi kumtembeza kwenye jiko lile. Nikainuka, nikajifunga kanga kiunoni, nikasema ngojeni niwape mama bandia. Nikatoka kwenye jiko la mkaa kwenda mlangoni, mguu unaburuta, nyonga inapanda na kushuka, mkono pajani, mfuko wa vitunguu begani, na kichwa nimekigeuza nyuma natazama dirishani kwa macho ya kuomba. Walikuwa wanagonga meza.

Nilipogeuka nikamwona Saa Sita mlangoni. Alikuwa ameleta trei ya vikombe kutoka ukumbini. Sijui alikuwa amesimama tangu lini. Aliitazama miguu yangu.

"Ni wa kushoto, Matroni," alisema. "Wewe unachechemea wa kulia."

Komeo alikuwa amesimama ananielekea, nami nikamwiga kama mtu anavyoiga kioo.

Hakuna aliyecheka tena, ingawa seremala alikuwa bado hajaelewa na mdomo wake ulibaki wazi. Mtoto akaweka trei mezani taratibu, vikombe havikugongana. Akamuuliza Komeo, kwa adabu, mama ameondoka saa ngapi. Komeo akasema saa sita na dakika ishirini. Fundi akaanza kulia na kuivua ile kadi shingoni, ikamnasa kwenye nywele, akawa anaivuta na kulia.

Tulikimbia kituo cha basi, mimi, mtoto, na Fundi nyuma anapumua kama jiko. Si mbali, robo saa kwa miguu mizima. Mwenye kibanda cha soda kituoni alimkumbuka. Alisema alikaa kwenye benchi pale tangu mchana, mara mbili aliinuka akaenda hadi kwenye kona ya kuelekea shuleni, akasimama, akarudi. Basi la saa tisa na nusu ndilo aliloondoka nalo. Nikahesabu: nilipokuwa nabandika maji ya chai jikoni, alikuwa bado kwenye benchi. Mtoto akaenda akakaa kwenye benchi hilo, katikati. Nilimwambia tutampata kwa simu. Aliikunja sketi yake vizuri chini ya mapaja, kama anavyokunja mashuka.

Nilimpigia shangazi jioni ile ile. Akashangaa sauti yangu ilivyo, akasema mbona mambo yameenda vizuri, wifi yake amempigia njiani kwa simu ya kuazima ya abiria. Aliagiza baba wa mtoto aambiwe kwamba mkewe mpya anamtunza mtoto vizuri, amewaona wakicheka, hana kinyongo tena. "Mimi nikajiuliza mke gani," akasema shangazi, "kaka hajaoa." Nikamuuliza wifi anapatikana wapi. Akasema hapatikani. Jumatatu alikuwa anasafiri nje, mkataba wa miaka miwili, namba ya huko hajui. Alikuwa amekuja kuaga.

Sasa mtu anaweza kudhani nilifukuzwa kazi. Sikufukuzwa. Nilikwenda kwa Mkuu, nikamweleza yote, daftari, kalamu mbili, ahadi. Alinisikiliza amefumba macho. Kisha akasema jambo hili la kusikitisha libaki hapa, kwa sababu barua ya bodi imekwisha fika na wamesifu hasa malezi. Komeo naye hakuguswa, alikuwa amefuata amri. Wiki mbili baadaye picha zikaja, Mkuu akaziweka kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya Fundi na Saa Sita. Nilimkuta mtoto mbele yake asubuhi moja kabla ya darasa, pua karibu na kioo. Hakuwa anajitazama mwenyewe. Alikuwa anatazama dirisha lililo nyuma yao, kule lilipo geti, lakini jua lilikuwa limelipiga dirisha hilo, kwenye picha lilikuwa jeupe tu kama karatasi.

Jikoni niliendelea kwenda. Walinikaribisha, wakanimiminia chai. Lakini kila nilipofungua mdomo kusimulia, Mpishi alikuwa anainuka kuchochea sufuria, na Fundi anakumbuka kitambaa alichokiacha kwenye cherehani. Siku moja seremala, kwa kunionea huruma, akaniomba nimuigize mkaguzi wa elimu. Nilisimama. Miguu haikujua ianzie wapi. Nikakaa.

Muhula wa tatu ukaja, na siku ya wazazi nayo ikaja. Jioni ya kuamkia siku hiyo Saa Sita alinijia stoo. Siku hizi wenzake walikuwa hawamwiti tena hivyo, sijui nani aliwakataza, wakawa wanasema "wewe" tu. Alikuwa amerefuka. Akaniambia kadi yake niichukue tu mapema, hana mgeni. Alisema kama mtu anayerudisha ufunguo. Nikamwambia sawa, mwanangu.

Sikuichukua. Niligawa kadi zote saa saba, kwa utaratibu wa zamani, nikaandika "mfanyakazi" kila mstari bila kujali bodi. Ya namba kumi na saba niliiacha kijumbani mwake. Tangu geti lilipofunguliwa nilikuwa nimekaa pale kwenye kigoda kando ya Komeo, na baada ya kugawa nikarudi pale pale. Nilijua yuko nje ya nchi. Nilijua miaka miwili ni miaka miwili. Lakini nilijiambia mikataba huvunjika, watu hurudi, na safari hii akitokea kwenye ile kona atakuta kijumba kina kadi na mimi mwenyewe nimesimama. Komeo aliniletea maji. Kila mwanamke aliyekata kona nilimtazama miguu kwanza. Saa sita ikagonga, saa saba, saa tisa. Saa kumi Komeo akafunga geti, akafunga na kabati, na kadi moja ya njano ikabaki ndani.

Nilimkuta mtoto bwenini anapanga viatu vyake chini ya kitanda. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, miguu inaniuma, na, niseme ukweli, moyoni nilikuwa na kitu kama fahari. Nikamwambia nimekaa getini siku nzima, kadi yake sikuigusa, sikumpa mtu.

Alimaliza kulinganisha viatu, ncha kwa ncha.

"Ndiyo maana nilikaa peke yangu," alisema. "Ukumbi mzima, mimi peke yangu. Ungempa tu Fundi, Matroni. Watu walinitazama mchana kutwa."